Kalundu Iliyochorwa Jette

Jette, Bruxelles, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Mudogo wangu Lucienne,

Ni mimi yaya yako Éliézer, kaka yako mukubwa, naandika na mukono yangu mwenyewe, hakuna muntu ananishikia kalamu. Nakusalimia wewe, nasalimia Onésime kitinda mimba wetu, nasalimia nyumba ya baba na wote wanaolala ndani. Huku baridi iko mingi lakini mimi niko muntu ngumu. Mutoto wangu Hénock yuko Woluwe na muke yake, wanakuja kuniona siku ya Mungu wakipata nafasi. Nafasi haipatikanake kila mara.

Barua yako Mama Mignonne alinifikishia, yule wa kuuza vitenge, anayepandaka ndege mpaka Bujumbura halafu anavuka mupaka kuingia Uvira. Hii pia nitamupa yeye. Hénock ananiambia, papa, telefone iko, ongea na shangazi kwa telefone. Nikamujibu: mambo ya makaburi haiongewake kwa telefone. Na mimi sikuenda kujifunza kuandika kwenye masomo ya jioni ya commune, muzee muzima katikati ya wasichana wa Maroko, nikawashinda wote, ili nikuje kupiga kelele ndani ya telefone.

Sasa nikuambie ya huku. Mulango inayoangaliana na yangu anakaa muzee mumoja, jina yake Vyeko, muntu wa Kroatia. Ni inchi ya wazungu yenye bahari, inaangaliana na Italia. Huyu muzee ni muchoraji. Nyumba yake yote ni tablo. Kwenye kuta, chini ya kitanda, mpaka ndani ya bafu. Na zote ni pwani moja, ile ya kwao. Maji ya bluu, mawe meupe kama mifupa, miti imelazwa na upepo, vikuta vya mawe vinapanda mulima, na juu kabisa, pale mulima unaingia baharini, makaburi na musalaba mumoja mweupe. Muntu hata mumoja hayuko. Nilimuuliza, Monsieur Vyeko, watu wa kwenu walienda wapi? Akasema, ni saa saba ya muchana, wamelala. Nikamuambia, kwetu pwani bila watu ni pwani ya mamba. Akacheka mpaka akakohoa.

Hatumiake brosi sana, anatumia kisu. Anapakaa rangi nyeupe nzito juu ya mawe kama muntu anapakaa siagi kwenye mukate, kisha anaikwangua. Ananiita niangalie. Amesema katika immeuble hii ya gorofa mimi peke yangu niko na macho. Sikushangaa.

Bon. Maneno yako. Unasema maji ya ziwa inapanda. Unasema imefika kwenye choo ya zamani. Unataka kutoa baba na mama pale nyuma ya jikoni, uwapeleke makaburi ya mulimani, na unaomba shati yangu. Hapana. Ziwa ile mimi niliijua kabla wewe hujazaliwa. Inapanda, inashuka. Shati inatumwaka wakati muzaliwa wa kwanza hana njia ya kufika, ili mwingine aivae na kupiga jembe ya kwanza kwa jina yake. Mimi njia niko nayo. Kiangazi ya mwaka huu nakuja mwenyewe. Kama jembe ni lazima, nitapiga mimi. Haitakuwa lazima.

Usiguse kaburi.

Yaya yako Éliézer, mutoto wa kwanza wa Papa Kabamba


Uvira, Kalundu, tarehe 2 Machi 2024

Yaya Éliézer,

Pokea salamu za nyumba yote. Mignonne ameleta barua yako mwenyewe mpaka mlangoni, kitenge amekipandisha magotini, maana njia ya kwetu sasa watu wanaivuka ndani ya maji. Sisi tuko. Onésime anakusalimu sana. Kifua kinambana akipanda mlima, lakini anakula, na bado anachekesha watu kanisani kwa namna anavyoimba besi akiwa amefumba macho. Sisi wanakwaya tumepewa sare mpya, ya kijani. Inanifanya nionekane kama mboga.

Nafurahi umepata rafiki. Muulize kama bahari yao inaingia jikoni.

Choo cha zamani hakipo tena. Sisemi kimebomoka, nasema hakipo. Wiki iliyopita kiboko alikula mihogo ya Mama Rukiya hapa jirani, wanawake wakamfukuza kwa kupiga masufuria, akatembea polepole kama mkwe anayeondoka akiwa ameshiba. Kila asubuhi Onésime anapigilia kijiti pale maji yalipoishia, na kesho yake anakitafuta kijiti. Kati ya maji na mama imebaki nafasi ya kutandika mkeka. Baba yuko nyuma yake kidogo.

Majirani wamehamisha wa kwao. Kwa kina Sudi wamekuja watu wa msikiti, asubuhi mpaka adhuhuri wamemaliza. Wananiuliza, ninyi mnangoja nini? Ninasema, tunangoja shati. Wanacheka, halafu wakiona sicheki wanaaga.

Yaya, desturi ya nyumba hii wewe unaijua kuliko mimi. Baba alipomhamisha babu kutoka Mboko alivaa shati la kaka yake aliyekuwa Kalemie. Shati lililovaliwa, lenye jasho, si la dukani. Bila hilo, kesho mtoto akiugua katika ukoo huu watasema sisi ni wezi wa mifupa. Kwa hiyo naomba mara ya pili: shati moja, na neno lako kwa maandishi. Onésime atalivaa. Kuja, wewe njoo tu, nani amekuzuia? Utawakuta juu, pakavu. Lakini umekuwa ukija tangu Onésime ana meno yote.

Mdogo wako, Lucienne


Jette, tarehe 7 mwezi wa ine 2024

Lucienne, binti ya mama yangu,

Salamu nyingi. Mimi niko muzima. Kama Hénock atakuambia kwamba naendaka hospitali, usishituke. Naendaka, ndiyo, hii kubwa ya hapa Jette, lakini ni ya kukaa tu. Wananipa kiti ya kulalia karibu na dirisha kama waziri, mashine inaimba kando yangu, wasichana wananiita Papa Éliézer. Hakuna mugonjwa pale anaheshimiwa kama mimi.

Meno ya Onésime uyaache.

Nakupa habari ya furaha. Kalundu imechorwa. Nilimukalisha Vyeko nikamuambia, umechora kwenu miaka yote, leo chora kwetu. Nikafunga macho nikamuonyesha na mikono: nyumba ya baba hapa, jikoni nyuma, kaburi mbili, halafu muchanga, halafu muchanga tena, ndipo maji. Nilikumbuka kila kitu. Yeye akaweka mawe. Nikasema, kwetu hakuna mawe meupe, ni muchanga. Akasema, pwani bila mawe haisimame. Tukabishana kwa kifaransa, yake imevunjika na yangu imevunjika, mpaka mama wa étage ya chini akagonga juu na ufagio. Nikamuachia. Kwa sababu nilipoangalia ile ukuta aliyoiweka kati ya maji na mama, moyo ilitulia.

Ndipo akili yangu ilifanya kazi. Nilimuuliza, hizi vikuta vya kwenu, sementi mulitoa wapi? Akasema sementi hakuna. Babu zao walipanga jiwe juu ya jiwe, kavu, na iko inasimama mbele ya bahari mpaka leo. Akanionyesha pale pale kwenye meza na vipande vya sukari: mbili chini, moja juu inakalia katikati. Nilielewa mara moja. Yeye alishangaa.

Donc, ni kusema, shati hakuna. Onésime ajenge ukuta. Mawe iko kwenye korongo, avute na kigari ya Sudi. Jiwe kubwa chini, ndogo juu, bila sementi, asikie vizuri. Izunguke kaburi zote mbili pamoja na jikoni, ifunge yote, mbele na nyuma, asiache mulango. Maji itafika, itaangalia, itarudi.

Natuma picha ya tablo. Uiweke mahali wageni wanaona.

Ni mimi nimesema, muzaliwa wa kwanza,
Éliézer


Uvira, tarehe 16 Juni 2024

Yaya,

Tunakusalimu. Mama Rukiya amehama, amekwenda kwa binti yake kule mjini Baraka. Nyumba tatu za mwisho kwenye mstari wetu ziko ndani ya ziwa, paa tu linaonekana. Watoto wanakaa juu yake wanavua samaki kama watu wanaokaa barazani.

Onésime anajenga. Nilimwambia asijenge. Akaniambia, mkubwa amesema. Basi kila siku anashuka korongoni na kigari, anarudi kifua kinapiga filimbi. Amepanga vizuri, siwezi kudanganya. Watu wanakuja kutazama. Lakini maji yalikuwa yanapita kati ya mawe, membamba membamba, yanatoka upande wa mama. Kwa hiyo amechukua udongo wa kichuguu na kuziba mapengo yote, ndani na nje, mpaka ukuta umekuwa kama chungu. Sasa maji hayapiti. Ziwa liko nje limesimama, sisi tuko ndani, na tunaingia jikoni kwa ngazi.

Picha nimeiona. Mlima wetu umekuwa mweupe. Maji ni ya rangi ya sare za shule. Michikichi ya baba imekuwa miti mingine inayoinama kama imepigwa kofi. Nimeitafuta nyumba, nimeiona. Nimejitafuta mimi, sikujiona. Nimemtafuta Onésime, ambaye mgongo wake unauma kwa ajili ya hiyo picha, naye hayupo. Rafiki yako anachora mahali ambapo hakuna mtu wa kuugua.

Sijaiweka mahali pa wageni. Iko ndani ya Biblia ya mama.

Kiangazi kimefika. Ulisema kiangazi. Kama huji, tuma shati sasa, wakati ardhi ni ngumu na kazi ni nyepesi.

Lucienne


Jette, tarehe 25 mwezi wa munane 2024

Mudogo wangu,

Nakusalimia, na nasalimia Onésime mara mbili, mukono yake ibarikiwe. Udongo ya kichuguu, ile mimi sikumufundisha, alitoa ndani ya damu yetu. Mama Mignonne ameniambia ziwa imeanza kushuka. Sasa sema, nani alikuwa na haki? Mimi niko Jette, ninyi muko ndani ya maji, na ni mimi nilijua.

Hénock amepata mutoto wa tatu, musichana, wamemuita Océane. Nilisema wampe jina ya mama. Wakasema ni jina ya pili. Bon.

Kiangazi hii sikuja kwa sababu hapa mambo ilikuwa mingi. Siku hizi ndege hata haina heshima, wanakupanga kama makopo. Na wasichana wa mashine hawapendi niende, wanasema, papa, ukiondoka nani atatuchekesha. Nitakuja mwaka ujao. Ni mambo imekwisha.

Vyeko hayuko vizuri. Ameanguka kwenye ngazi, wamemulaza hospitali ile ile ninaendaka. Nikimaliza mambo yangu nashuka kumuona. Amenyimwa rangi, harufu inasumbua wengine, donc anachora na kidole juu ya shuka. Pwani ile ile. Nilimuuliza, kwa nini huendi kwenu ukaione, ndege ni saa mbili? Akasema, nikienda nitaona vile iko. Nikamuambia, wewe ni muoga. Mimi ninakwenda kwetu na miguu yangu. Akaniangalia mukono, pale bandeji iko. Wazungu hawa wakizeeka wanakuwa na macho mbaya.

Sasa shati. Umeomba mara tatu. Shati ni ya muntu ambaye ndugu zake wamekata tamaa kwamba atarudi. Ukiniomba tena nitajua kwamba unanihesabu pamoja na wenye kulala nyuma ya jikoni. Ukuta iko. Wazazi wako kavu. Sitaki kusikia shati.

Éliézer


Uvira, tarehe 3 Novemba 2024

Yaya,

Salamu. Mvua imekuja mapema mwaka huu. Nyumba imebaki upande mmoja, nalala kwa wanakwaya. Ukuta umeanguka.

Kuna neno ambalo siliandiki. Nimempa Mignonne kinywani, atakuambia mkiwa mmekaa.

Nimekatazwa kuomba shati, lakini naomba. Wazazi bado wako mle ndani, chini ya matope na mawe yako.

Lucienne


Jette, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2024

Lucienne,

Nakusalimia. Barua yako ni fupi kama ya muntu anayekimbia. Mama Mignonne alifika akakaa kwangu saa nzima. Nilimupikia chai. Nikamuuliza, dada yangu anasema uko na neno. Kabla hajajibu nikamuonyesha tablo, nikamueleza ukuta, jiwe moja moja, na vile Onésime aliipanga kwa neno yangu kutoka mbali. Alilia. Nikajua uchoraji ile iko na nguvu, muntu wa vitenge tu na analia. Akasema neno atanipa siku nyingine, akaenda bila kumaliza chai.

Ukuta kuanguka si kitu, inapangwa tena. Hivyo ndivyo nilikuwa nataka kukuandikia. Lakini kuna jambo ilipita.

Vyeko amekufa. Wamemuchoma, wazungu wanafanyaka hivyo, tulikuwa watu sita. Binti yake alikuja kutoka kwao kufunga nyumba. Nilimusaidia kushusha tablo, moja mimi, moja yeye, kwa sababu ascenseur, ile lifti, ilikuwa imekufa. Nikamuambia, baba yako alipenda sana kaburi ya mama yake, hakuna tablo hata moja alisahau ile musalaba. Sasa wewe utaenda kuisafisha. Akaweka chini ile alikuwa ameshika.

Akasema, Monsieur Éliézer, bibi yangu hayuko pale. Toka zamani. Watu wa makaburi ya kule waliuliza baba: hii kaburi inabaki ao tunaitoa, sema neno moja. Waliuliza mara ya kwanza, mara ya pili. Yeye alisema kila mara, nitaenda mwenyewe, nitapanga mwenyewe. Hakuenda. Hakusema neno. Wakamutoa bibi wakaweka watu wengine. Mifupa walipeleka wapi, hatujui.

Nikamuuliza, na yeye alijua? Akasema, alijua kabla mimi sijaolewa.

Nikamuuliza tena, na vikuta vya mawe, si inazuia bahari? Akacheka, cheko ya muntu ambaye ameshinda akilia. Akasema, hapana, ni ya kuzuia kondoo zisikule mizabibu. Bahari ikitaka inapita juu yake.

Sikuweza kubeba tablo ingine. Nilikaa kwenye ngazi.

Donc shati natuma. Iko kwa Mama Mignonne, imefungwa ndani ya gazeti. Ni ile ya michirizi, ninavaaka kila juma, sikuifua, ni vile desturi inasema. Neno yangu ni hii, uisome mbele ya wazee: mimi Éliézer, muzaliwa wa kwanza wa Kabamba, naruhusu baba na mama watoke kwenye udongo yao waende mulimani. Aanze baba, afuate mama. Onésime avae, afunge vifungo vyote mpaka ya shingo, apige jembe ya kwanza, aseme: ni Éliézer anapiga.

Kwa nini yeye hanisalimii katika barua yako? Amekasirika juu ya mawe? Muambie yaya yake anasema alipanga vizuri, hakuna muntu angepanga kama yeye. Nitakuja nimuambie mwenyewe.

Yaya yako Éliézer


Uvira, tarehe 12 Januari 2025

Yaya Éliézer,

Kwanza kaa chini. Kama Hénock yuko karibu, mwite, akae kando yako. Nimengoja mdomo wa mtu ufanye kazi hii na mdomo umeshindwa. Mignonne alikuja mpaka kwako na neno langu, ukamwonyesha picha, ukamsifia ukuta, akashindwa kukuambia. Amenieleza mwenyewe, akiwa ameshika kichwa. Sasa naandika kitu kisichoandikwa.

Onésime amefariki. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi, Jumapili, tumetoka kanisani. Mvua ilipiga mlimani, korongo likashuka lote. Yaya, maji hayakutoka ziwani. Yalitoka nyuma, juu, na yakaingia ndani ya ukuta wako kama maji yanavyomiminwa ndani ya beseni. Hakukuwa na mlango, ulisema asiache mlango. Mapengo yalikuwa yamezibwa. Yakapanda ndani, jikoni, juu ya baba, juu ya mama, na nje ziwa limetulia linatutazama. Onésime alivua koti la kwaya, akaniambia, dada shika. Akachukua mtaimbo akaenda upande wa ziwa kufungua tundu. Alifungua. Ukuta wote ukamfuata.

Vijana wa Sudi walimtoa kabla ya giza. Uso haukuwa na jeraha hata moja. Tumemzika mlimani, mvua ikiendelea, mimi nikiwa nimeshika koti lake hata sijui kwa nini.

Shati limefika wiki iliyopita. Wazee walisema tungoje Hénock aje, maana hakuna mwanaume wa damu yetu aliyebaki hapa. Nikawaambia, tumengoja vya kutosha. Nikalivaa mimi. Linanifika magotini. Nilifunga vifungo vyote mpaka cha shingo kama ulivyoandika. Mzee mmoja aligeuka akatazama pembeni, wengine walikaa. Nikapiga jembe nikasema, ni Éliézer anapiga.

Baba tumempata. Amelala juu sasa, kando ya Onésime. Mama tumepata kitambaa cha kichwa na mifupa ya mkono mmoja. Mengine yaliondoka na ukuta. Tulichimba mpaka maji yakatukataza.

Neno la mwisho. Shati lako linanuka dawa. Mkono wa kushoto, ndani ya kiwiko, kuna damu iliyokauka, doa jipya juu ya doa la zamani ambalo halijatoka kwa sabuni. Mimi nilimuuguza marehemu mume wangu kwa figo mpaka mwisho. Najua mashine inayoimba ni mashine gani. Najua mtu wa mashine ile hapandi ndege kuja Kalundu.

Sikulaumu kwa kuugua. Lakini usiniandikie tena kwamba unakuja. Niandikie kitu kingine, chochote.

Lucienne


Jette, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Mudogo wangu Lucienne,

Nakusalimia. Katoto Océane ka Hénock kameanza kukaa. Huku kulianguka theluji, ikaondoka.

Barua yako nimeisoma. Hénock hakuwa karibu, nilisoma peke yangu, ilichukua muda kwa sababu kuna mistari nilirudia. Onésime nimesoma. Mama nimesoma. Ya mashine pia.

Binti ya Vyeko aliniachia kisu ya baba yake na rangi zilizobaki. Hajui atazipeleka wapi. Juzi nilishusha tablo ya Kalundu nikaiweka kwenye meza ya kulia. Nikachukua kisu nikatoa ile ukuta. Nilianza na mawe ya juu, ile ndogo. Ni kazi, rangi ya Vyeko ni nzito, imekauka kama sementi, na mukono yangu ya kushoto siruhusiwi kuitumikisha. Lakini nilitoa yote. Hakuna muntu hapa Jette angeitoa hivi.

Chini yake kulikuwa na maji. Vyeko alikuwa ameipaka tayari, bluu, mpaka kwenye jikoni, kabla ya kuweka ukuta juu. Alinichorea kwanza vile wewe uliandika, nilikuwa namusomea barua yako, kisha mimi nikabishana, akafunika. Nilikuwa nimesahau.

Sasa tablo haina ukuta na niko na rangi. Lakini sijui kitu, Lucienne. Nilifunga macho nikatafuta, naona tu vile ilikuwa wakati niliondoka. Uniandikie wewe. Maji iliishia wapi siku ile. Mawe ilianguka upande gani. Na kule juu, Onésime mulimulaza anaangalia ziwa ao anaangalia mulima? Usiandike haraka. Mama Mignonne anarudi mwezi ujao, na mimi sitaweka kisu mahali popote kwenye tablo mpaka uniambie.

Éliézer